Kufungasha ramani ya vioski vya maji

Maktaba ya ramani, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kuchora ramani kwenye ukurasa wa wavuti, si kama maktaba nyingine za JavaScript. Ya kupanga tarehe au ya kukagua fomu ni msimbo mtupu: unaiingiza, inapiga hesabu zake, basi. Ya ramani huja na jamaa zake. Kuna faili la CSS, lile la kupanga sura ya ukurasa, ambalo likikosekana vigae, vile vipande vya picha vinavyounda ramani, vinatawanyika ukurasa mzima. Kuna picha za pini. Nyingine ina sehemu nzima ya msimbo inayoendeshwa pembeni, ili kidole kikiisukuma ramani isikwame. Programu za kufungasha, zile zinazokusanya faili nyingi za mradi kuwa furushi la faili chache, iwe webpack, Rollup au Vite, zinaujua msimbo barabara. Hao jamaa huwakuta njiani na kuwapa majina mapya, kuwahamisha au kuwaacha nyuma. Karibu kila lililonisumbua katika kazi ninayoieleza hapa lilianzia kwa jamaa. Kwenye msimbo wenyewe mambo yalikuwa shwari.

Kazi ilikuwa ramani ya vioski vya maji na visima vya Mombasa. Kwa asiyeujua mji huu: kisiwa kimezungukwa na maji ya chumvi pande zote, na ya kunywa hutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho upande wa Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Mifereji ikikauka, watu hununua kwa mtungi, kioskini au kwa wenye mikokoteni. Vijana wa kujitolea wa Likoni, Kisauni na Changamwe walikuwa wameshazunguka na simu zao wakiandika kila kioski kilipo, bei yake, na kama maji yake ni matamu au ya chumvichumvi. Ukurasa ulikuwepo tayari. Aliyeuanzisha alipata kazi mji mwingine akauacha, nami nikaombwa niuendeleze.

Niliukuta na lebo za script, mistari ya ukurasa inayoita faili za msimbo, zimepangwa moja chini ya nyingine: Leaflet, ambayo ndiyo maktaba ya ramani, kisha plagini (kijiprogramu cha nyongeza) ya kukusanya pini zilizosongamana, kisha plagini ya kutafuta, mwisho msimbo wa ukurasa. Mpangilio huo ni wa lazima. Leaflet, tangu Volodymyr Agafonkin alipoitoa mwaka 2011, huweka hadharani kitu kimoja kiitwacho L, na plagini zote hujibandika juu ya L hiyo. Hamisha mstari mmoja, konsoli ya kivinjari, panapoandikwa makosa, inakuambia L haijulikani na ramani haichoreki.

Mtindo huo hauna ubaya wowote. Nalisema hili kwa sababu vijana wanaoanza huambiwa kwamba lebo za script ni uzee, kisha wanabebeshwa zana za kufungasha ambazo hawana haja nazo. Hoteli ya Nyali inayotaka kuonyesha lango lake lilipo inatosheka na lebo mbili, na atakayeirithi kazi hiyo atashukuru. Kwetu hali ilikuwa nyingine. Kurasa zilikuwa zimeongezeka, zilivuta matoleo mawili tofauti ya Leaflet kutoka seva mbili za mbali, na hakuna aliyejua kwa hakika ni plagini gani inategemea lipi. Kufungasha kulitupa faili moja la npm, chombo cha kuleta na kusimamia maktaba, linaloorodhesha kila kitu na toleo lake, na mafurushi yanayotoka kwenye seva yetu wenyewe. Nilichagua Vite kwa sababu usanidi wake ni mfupi na vijana waliweza kuusoma.

Hapo ndipo pini zilipotoweka.

Wakati wa kuandika, kila kitu kilionekana sawa. Tulipojenga furushi la mwisho na kulipandisha kwenye seva, ramani ilikuja, vigae vikaja, lakini mahali pa pini palikuwa na vile vijisanduku vya picha iliyovunjika. Tatizo hili linajulikana duniani kote na dawa yake hunakiliwa kila siku, ila wachache wanaoinakili wanajua inatibu nini, na bila kujua utalikuta tena kwa sura nyingine.

Leaflet haijui picha zake ziko wapi. Ilipoandikwa, watu walikuwa wakilipakua folda lake zima, lenye faili la JavaScript, la CSS na kijifolda cha picha, wakaliweka popote wapendapo. Kwa hiyo iliundwa ibahatishe kwa akili: huzaa kijisehemu kisichoonekana kwenye ukurasa, hukivisha darasa la CSS lenye picha ya pini kama mandharinyuma, husoma anwani ya picha hiyo, hulikata jina la faili mwishoni, na kinachobaki hukichukua kuwa ndiyo folda. Kisha huongeza tena majina inayoyajua: marker-icon.png, ile ya skrini kali, na ya kivuli. Ni ujanja mzuri, lakini unadhani majina hayabadiliki. Programu ya kufungasha kazi yake ni kuyabadilisha. Huongeza kwenye jina alama zinazotokana na yaliyomo ndani ya faili ili kivinjari kisiendelee kutumia nakala ya zamani, na picha ndogo huzigeuza kuwa maandishi na kuzipachika ndani ya CSS moja kwa moja. Vite hufanya hivyo kwa faili lililo chini ya baiti 4096 usipoikataza, na pini ya Leaflet haifiki hata nusu ya hapo. Basi Leaflet inaposoma anwani inakutana na mkufu wa herufi za picha yenyewe. Haina folda ya kukata.

Dawa inayonakiliwa hufuta ile kazi ya kubahatisha na kuingiza picha tatu kama moduli, yaani vipande vinavyoitwa kutoka ndani ya msimbo, ili programu ya kufungasha yenyewe ikukabidhi anwani zao mpya. Inafanya kazi. Mimi niliitumia siku chache tu nikaiondoa, kwa sababu pini ya buluu ya Leaflet haikuwa inasema lolote. Mwenye kiu anataka kujua kwa jicho moja wapi ni maji matamu na wapi ni ya chumvichumvi. Tukachora tone kwa SVG, picha inayoandikwa kwa maandishi machache ndani ya msimbo, tukalitumia kupitia divIcon, pini ya Leaflet isiyohitaji faili la picha. Picha za nje hazipo tena, basi hakuna cha kupotea. Ningemshauri yeyote anayefungasha Leaflet aanze hapo badala ya kuhangaika na zile picha tatu.

Kuna jambo moja la kuangalia ukichora pini yako. Ni lazima uiambie Leaflet ni sehemu gani ya picha inayogusa ardhi. Pini ya kawaida ina upana wa pikseli 25 na urefu wa 41, na ncha yake imetajwa: 12 kwa 41. Kwenye msimbo niliourithi kulikuwa na pini za aina nyingine kwa ajili ya visima, zenye ukubwa uliotajwa bila ncha. Ukitaja ukubwa tu, Leaflet huiweka katikati ya picha juu ya mahali halisi, na ncha inaning'inia nusu ya urefu kusini zaidi. Ukiwa umekaribia, hakuna anayeona, kwani katika kiwango cha ukuzaji cha 18 pikseli 20 ni kama mita 12 hivi. Ukirudi nyuma hadi kiwango cha 12 ambapo kisiwa chote kinaingia kwenye simu, pikseli moja hapa kwetu ni mita 38, na pikseli 20 zinapita mita 750. Mama mmoja mwenye maji yake upande wa kisiwani, karibu na kivuko cha Likoni, alifunguliwa ramani na mjukuu wake akamkuta kisima chake katikati ya mkondo, feri zipitapo.

"Mwanangu, mali yangu mwaitia baharini? Hebu itoeni huko, watu wasinicheke bure."

Tukaitoa. Mstari mmoja wa msimbo.

Sasa L. Plagini nyingi za Leaflet ziliandikwa kabla moduli za kisasa hazijazoeleka, na hudhani L ipo tayari hadharani. Ukizifungasha, mambo mawili hutokea. La kwanza ni la mpangilio. Mtu huandika: ingiza Leaflet, iweke L kwenye dirisha la kivinjari, kisha ingiza plagini. Kwa macho ni sahihi, lakini JavaScript hutekeleza maagizo yote ya kuingiza kabla ya mstari mwingine wowote wa faili hilo, hivyo plagini huamka kabla L haijawekwa. Suluhisho ni kulitenga zoezi hilo katika faili dogo la peke yake na kuliingiza kwanza. Wengi hawalioni kwa sababu Leaflet ya toleo la 1 katika umbo lake la kawaida huiweka L hadharani yenyewe. Linaibuka pale unapochukua umbo la moduli ukitumaini kupunguza uzito.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele: Leaflet mbili ndani ya furushi moja. Plagini moja inasema inataka toleo hili, ukurasa wako unataka lile, npm inaziweka zote. Ramani imeundwa na Leaflet ya kwanza, pini imeundwa na ya pili, na kila moja inamtazama mwenzake kama mgeni. Kuna vinavyofanya kazi nusu, kuna visivyofanya, na konsoli inaweza kunyamaza kimya. Siku hizi kila nikiongeza plagini naendesha npm ls leaflet kwanza. Likijitokeza toleo zaidi ya moja, ama nailazimisha npm itumie moja, ama naiacha plagini. Mara nyingi naiacha. Plagini ya kutafuta tuliyoikuta, kwa mfano, tuliiondoa tukaandika kisanduku chetu cha kutafuta juu ya orodha ya vioski, na hakuna aliyeuliza ya zamani imekwenda wapi.

Leaflet wenyewe wanalijua tatizo hili. Mwaka 2022 toleo la 1.9.0 lilifungua mlango rasmi wa moduli za kisasa, na haukupita muda mrefu ukafungwa kwa sababu plagini zilikuwa zikivunjika huku na huku. Toleo la 2, ambalo sura yake ya majaribio ilitoka mwaka 2025, limeamua kukata shauri: L ya hadharani imetolewa kwenye umbo la kawaida, kila kitu ni moduli. Naona ni uamuzi sahihi. Pia najua utaziacha njiani plagini nyingi ambazo waandishi wake walishahamia kazi nyingine, na plagini ndizo zilizowafanya wengi wetu tuichague Leaflet.

Je, si ingekuwa afadhali maktaba nyingine? Swali hilo niliulizwa na vijana tena na tena, hasa baada ya kuona ramani za majengo yaliyoinuka na kuzunguka kwa vidole viwili. Zile ni kazi ya MapLibre na wenzake, zinazochora kwa kadi ya picha ya simu kutokana na vigae vya vekta, vyenye data ya mistari na maumbo badala ya picha. MapLibre ilizaliwa Desemba 2020, pale kampuni ya Mapbox ilipobadilisha leseni ya maktaba yake kuanzia toleo la 2 na watu wakachukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria wakauendeleza. Ni kazi nzuri mno. Lakini Leaflet ni takribani KB 42 za JavaScript baada ya kubanwa, na MapLibre inazidi 200. Ukiwa na Wi-Fi ya ofisini Moi Avenue, tofauti hiyo hutaihisi. Ukiwa Mtongwe na bando la shilingi ishirini, unaihisi, na simu ya bei ya chini inaihisi zaidi, kwa sababu msimbo ukishafika bado lazima simu iusome na kuutekeleza kabla ramani haijatokea.

MapLibre nayo ina jamaa wake, yule msimbo wa pembeni. Hauji kama faili tofauti; maktaba huuzalisha yenyewe kwa kugeuza sehemu yake kuwa anwani ya muda inayoanza na blob, kisha kivinjari kinauendesha kando. Sehemu mbili za hatari zimo humo. Seva ikituma kanuni kali za usalama, kivinjari hukataa anwani za blob, na ramani hubaki kijivu kitupu. Itabidi uiruhusu kwenye kanuni, au utumie umbo maalumu la maktaba ambalo faili la pembeni unalitaja mwenyewe. Ya pili iliwatesa sana watu wa Mapbox enzi za kuutafsiri msimbo wote kwa Babel ili ufae vivinjari vikongwe: Babel huchomeka visaidizi vyake juu ya faili, msimbo wa pembeni unachukuliwa bila visaidizi hivyo, na kosa linatokea kwenye furushi la mwisho pekee. Nimewahi kuitwa kumsaidia rafiki katika kazi nyingine iliyokuwa hivyo. Kuiambia Babel iipite maktaba ile bila kuigusa kulitosha.

Kuhusu OpenLayers, maktaba ya tatu ya ramani, iliyokuwepo tangu 2006, nina heshima nayo kubwa na niliikaribia kwa sababu ya data. Baadhi ya visima vilikuja kutoka kwa mpima ardhi, na vipimo vyake vilikuwa katika Arc 1960, UTM kanda ya 37 kusini, ule mfumo ambao ramani nyingi za upimaji Kenya zimeandikiwa. Ukizichukua namba hizo ukazigeuza kuwa latitudo na longitudo bila kujali tofauti ya Arc 1960 na WGS 84 ya simu zetu, kila kisima kinahama zaidi ya robo kilomita. OpenLayers ikishirikiana na proj4, maktaba ya kubadilisha vipimo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, hulimaliza hilo ndani ya kivinjari, tena kwa mpangilio safi: tangu toleo la 5 la mwaka 2018 kila kipande chake ni moduli ya peke yake, unaingiza unachotumia, programu ya kufungasha inatupa kilichobaki. Katika maktaba zote tatu, ndiyo inayofungashika kwa amani zaidi.

Hata hivyo nilijiuliza: visima havihami. Kwa nini kila simu ya kila mtu ibebe kikokotoo cha kubadilisha namba ambazo hazitabadilika? Nikazibadilisha mara moja kwenye kompyuta yangu kwa ogr2ogr ya GDAL, programu ya kubadilisha data za ramani, EPSG:21037 kwenda EPSG:4326, ndizo namba za mifumo hiyo miwili, na papo hapo nikapunguza tarakimu baada ya nukta hadi tano. Faili lilikuwa na tarakimu kumi na tano, kana kwamba kisima kimepimwa kwa upana wa chembe. Tarakimu tano ni kama mita moja, inatosha kwa mtu mwenye mtungi mkononi. Faili la GeoJSON, muundo wa kuhifadhi data za ramani, lilipungua sana kwa hilo peke yake, na haja ya proj4 ikaisha, na haja ya OpenLayers ikaisha nayo.

Na kwa kuwa nimeitaja GeoJSON: yenyewe huanza na longitudo, Leaflet huanza na latitudo. Kila anayeanza hulijua hili siku moja, na kwetu Mombasa hulijua kwa njia ya kuchekesha, kwa sababu namba za mji huu ukizigeuza huanguki jangwani wala baharini. Unatua Uhispania, kusini kidogo ya mji wa Toledo. Kijana mmoja aliniletea simu akisema, "Dada, mbona Kongowea kuna mashamba na majina ya Kizungu?" Tangu hapo tumeiwekea ramani mipaka: huwezi kuisukuma nje ya eneo la Mombasa na jirani zake, na nukta yoyote inayotoka nje ya mipaka hukataliwa wakati wa kujenga furushi, kabla haijamfikia mtu.

Uzito uliobaki niliutafuta kwa plagini inayochora furushi lako kama viwanja, kila maktaba na ukubwa wake. Picha ile ni ya kuona haya kwa mradi wowote. Sijawahi kuifungua nisikute mpangaji asiyejulikana. Kwetu alikuwa Turf, maktaba nzuri ya hesabu za kijiografia, iliyoingizwa yote kwa ajili ya kazi moja: kupima umbali kutoka ulipo hadi kioski. Turf imegawanywa vipande, unaweza kuchukua kile cha umbali tu. Lakini Leaflet yenyewe ina kipimo cha umbali ndani ya ramani, tayari kimeshalipiwa. Turf ikaenda zake.

Kilicholeta nafuu kubwa kuliko yote hakikuhusu kupunguza kitu. Mama mwingine, huyu wa Bombolulu, alituambia wazi kwamba ramani ni nzuri ila yeye haihitaji. "Mimi mitaa naijua, mwanangu. Nataka kujua wapi yatoka leo." Alikuwa sahihi, na wengi wa wanaofungua ukurasa ni kama yeye. Basi ukurasa sasa hufunguka na orodha tu, maandishi matupu yaliyopangwa kwa mtaa, kioski, bei na saa ya mwisho kuripotiwa. Ramani iko nyuma ya kitufe. Msimbo wa Leaflet, CSS yake na plagini ya kukusanya pini huitwa pale mtu anapokigusa, kwa kuingiza moduli wakati wa matumizi badala ya mwanzoni, na Vite hulitenga furushi hilo yenyewe bila kuambiwa zaidi. Asiyeigusa ramani hailipii.

Kutenga huko kuna faida ya pili. Msimbo wetu hubadilika kila mara, bei, maneno, mitaa mipya. Leaflet haibadiliki kwa miezi. Zikiwa kwenye furushi moja, kila badiliko dogo hulipa furushi zima jina jipya na kila simu inalivuta upya. Zikitengwa, Leaflet hubaki kwenye kashe (hifadhi ya muda) ya simu na kinachoshuka ni faili letu dogo. Nyaya kubwa za intaneti za chini ya bahari zinaingia Kenya hapahapa Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata, na mtu wa Likoni anayeishi karibu nazo kuliko karibu kila mtu nchini bado anahesabu MB zake moja moja. Sioni sababu ya kumtoza mara mbili kwa maktaba ileile.

Vigae sitavisemea sana, kwa sababu havimo kwenye furushi, lakini anayepima maktaba na kusahau vigae anajidanganya: mtu akiisukuma ramani kidogo tu, picha zinazoshuka hupita uzito wa Leaflet. Tumezuia ukuzaji usirudi nyuma kupita kiasi. Pia tulihama kutoka kwenye seva ya vigae ya OpenStreetMap, mradi wa ramani huria, kwa kuwa ile ni ya kujitolea, na masharti yake hayaruhusu matumizi mazito wala kupakua vigae kwa wingi. Tunalipia huduma nyingine inayotumia data ileile. Jina la OpenStreetMap na wachangiaji wake linabaki kwenye kona ya ramani kama leseni inavyotaka. Kijana mmoja alipendekeza tulifiche maana linaziba kitufe. Tulisogeza kitufe.

Zoezi ninalowasisitizia vijana kabla ya kupandisha chochote ni kujenga furushi la mwisho na kulifungua papo hapo kwa amri ya vite preview --host, kwenye simu ya mmoja wao na si kwenye kompyuta. Pini zilizopotea, msimbo wa pembeni uliokataliwa, CSS iliyoachwa nyuma na programu ya kufungasha: hakuna hata kimoja kinachojionyesha unapoandika, kwa sababu wakati huo faili ziko mahali pake pa asili na kwa majina yake ya asili. Simu iwe ya zamani. Ramani ifunguliwe ndani ya kichupo kilichokuwa kimefichwa, kwa sababu Leaflet ikiundwa mahali pasipo na ukubwa huchora kona moja na kuacha kijivu, mpaka uiite invalidateSize baada ya kichupo kufunguka.

Kwa sasa tuko Leaflet 1.9.4 na hatuna haraka ya kuhama. Plagini pekee iliyobaki ni ya kukusanya pini, nayo bado inaitegemea L ya zamani. Vijana wa Changamwe wameshauri tuiache hiyo pia, tukusanye vioski kwa mtaa sisi wenyewe kabla ya kujenga, kwani mitaa inajulikana na mtu hutafuta kwa jina la mtaa. Wameanza kuandika mipaka ya Mikindani na Chaani. Kisauni ndiyo inayowatoa jasho, kila mmoja ana mpaka wake.